Kofia Sita katika kikao cha wakulima wa mwani: uzoefu wangu

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wanaolima mwani pwani ya Micheweni, Pemba. Naandika kuhusu njia ya Kofia Sita za Kufikiri, ambayo Edward de Bono, mzaliwa wa Malta, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1985, kwa sababu imebadilisha kabisa namna tunavyoshauriana. Kikao kizima huvaa kofia moja kwa wakati mmoja, yaani wote hufikiri kwa namna moja: nyeupe ni ya taarifa, nyekundu ya hisia zisizodaiwa sababu, nyeusi ya tahadhari, ya manjano ya faida, ya kijani ya mawazo mapya na ya buluu ya kuongoza mazungumzo.

Suala letu lilikuwa kotonii, mwani wenye bei nzuri kuliko aina nyingine iitwayo spinosamu lakini unaokufa maji ya kina kifupi yanapopata joto. Kwetu, bibi mwenye umri akishasema, si adabu kwa msichana kumpinga mbele ya watu, na kwa hivyo vikao vyetu vya zamani vilimalizika kwa kumkubali aliyetangulia kusema. Kofia nyeusi iliondoa kizuizi hicho, maana zamu yake ilipofika kila mtu alitakiwa kutafuta hatari, hata bibi aliyetoa wazo la kuhamishia kamba tunazofungia mwani kwenye maji ya kina. Msichana mmoja akasema wengi wetu hatujui kuogelea wala hatuna chombo. Bibi mwenyewe akaongeza hatari ya upepo wa kusi. Hakuna aliyevunjiwa heshima.

Kasoro niliyoiona ilitoka kwa mwezeshaji aliyetufundisha, ambaye alimpa kila mtu kofia yake ya kudumu. Aliyepewa nyeusi akaonekana mpinzani wa wote, yaani ugomvi uleule ambao njia hii ilikusudiwa kuuondoa, na mambo yalitengemaa tulipoanza kuvaa kofia pamoja. Nashauri pia kijani itangulie nyeusi, kwani wazo changa likikosolewa mapema mwenyewe huliacha.

Tumekubaliana kujaribu kamba chache maji ya kina wakati wa maleleji, yaani bahari inapotulia kati ya misimu ya pepo, kwa ngalawa ya kuazima, na wasioweza kwenda huko watengeneze sabuni ya mwani. Kwa mambo madogo, kama kupanga siku ya kuvuna, njia hii ni ndefu mno na hatuitumii.