Plagi zimelowa petroli: ukanyage mafuta hadi chini au uzifungue?

Peugeot 504 ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) ikigoma kuwaka na harufu ya petroli imejaa hadi ndani, injini imezidiwa mafuta. Njia ni mbili.

Ya kwanza haihitaji spana. Rudisha choki (inayobana hewa wakati injini ni baridi), kanyaga pedali ya mafuta hadi chini na uishikilie hapo, kisha piga stata kwa sekunde tano hadi kumi. Mlango wa hewa wa kabureta unafunguka wote, na hewa nyingi inakausha silinda. Tafadhali usipampu pedali: kila unapoikanyaga upya, kabureta inarusha petroli nyingine ndani. Ipumzishe stata kabla ya kurudia. Mimi huanza na hii daima, maana mara nyingi inatosha.

Kufungua plagi kunakula muda, ila betri ikianza kuchoka ndiyo njia ya kuiokoa. Plagi iliyolowa utaijua: ncha inang'aa kwa petroli. Ifute, ipige brashi ya waya, iache ikauke. Chomoa waya wa umeme unaoingia kwenye koili, inayozalisha umeme wa plagi, ili cheche isiruke, kisha zungusha injini kidogo matundu ya plagi yakiwa wazi. Mvuke wa petroli utatoka, kwa hiyo sigara iwe mbali kabisa.

Faida yake kubwa ni kwamba unaona. Plagi zenye masizi meusi zinaonyesha mafuta yamekuwa yakizidi siku nyingi. Kagua choki iliyoganda na sindano ya floti, inayofunga petroli kabureta ikijaa. Nusa pia stiki ya oili: ikinuka petroli, badilisha oili kabla ya safari.