Ziara ya matabaka ya ardhi bonde la Songwe, nawapa nyota 4 kati ya 5

Wadau wa Mbeya na mnaopita Mbeya, kama unapenda mambo ya ardhi hii ziara usiikose kabisa. Tulikua watano, tukatoka mjini asubuhi tukapita Mbalizi tukashuka bondeni, na mwongozaji wetu hakuanza na maneno mengi, alitusimamisha mbele ya ukuta wa korongo akasema angalieni kwanza. Matabaka ya chini yamenyooka, ya juu yamenyooka, alafu katikati kuna mkanda umevurugika wote, mchanga umezama kwenye tope ukajikunja kama mito ya kulalia, na pembeni mshipa mwembamba wa mchanga umepasua tope kwenda juu.

Hapo ndo mjadala ukaanza, huo mkanda umevurugwa na tetemeko la ardhi la zamani au ni kitu kingine. Mwenzetu mmoja anachimba visima akasema hayo ni mafuriko tu, mto umemwaga mchanga mzito kwa mara moja juu ya tope lililojaa maji, likashindwa kubeba. Mwongozaji akamwambia ni kweli inatokea hivyo, na hata udongo ukiteleza kwenye mteremko unajikunja, ndo maana umbo peke yake halitoshi. Tukaufuata ule mkanda kwa miguu tuone kama unaenda mbali, kama tetemeko lingefanya, au unaishia kwenye mfereji mmoja wa zamani wa mto. Nimependa sana hii, maana jina seismaiti, yaani tabaka lililovurugwa na tetemeko, lililotolewa na Adolf Seilacher mwaka 1969 watu siku hizi wanabandika kwenye kila kilichojikunja bila kukagua.

Alafu mwongozaji akatoa beseni la mchanga uliolowa, akaweka jiwe juu, likakaa vizuri tu. Akagonga gonga ubavu wa beseni kwa ngumi kama vile tetemeko, maji yakapanda juu, mchanga ukawa uji na jiwe likazama tunaliona. Yule wa visima alinyamaza, akaomba arudie yeye mwenyewe.

Kwa Songwe mimi naegemea tetemeko. Wanajiolojia Hannah Hilbert-Wolf na Eric Roberts walichapisha utafiti wa huku mwaka 2015 wakasema ni mitetemeko mikubwa ya kale, na tukumbuke tarehe 13 Desemba 1910 ukanda huu wa Rukwa ulipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.4, kwa hiyo sio hadithi za mbali, na Mbeya inazidi kujaa nyumba.

Nyota moja nimekata kwa sababu hakuna helmeti, na ule ukuta ni laini, vibonge vinadondoka ukiwa umeinama chini yake, hii warekebishe haraka jamani. Pia ukuta wa pili tulipewa kama dakika ishirini tu wakati ndo wenye mishipa mizuri zaidi. Chakula wali maharage na parachichi, safi. Nendeni kiangazi, beba maji ya kutosha maana bondeni kuna joto kuliko mjini, na mwambieni mwongozaji mapema mnataka kukaa zaidi ukuta wa pili.