Betri Mpya kwa Gari la Michezo: Ipi Itangulie, Ipi Iachwe

Betri ya gari la michezo huchakaa kwa njia yake. Gari la kila siku huwashwa asubuhi na jioni, alteneta hurudisha umeme uliotumika, na betri hufa kwa kazi baada ya miaka kadhaa. Gari la michezo mara nyingi hukaa gerejini chini ya turubai kwa wiki nyingi, huku king'ora, kipokezi cha rimoti na kompyuta zake zikiendelea kunyonya umeme kidogo kidogo. Gari lisilo na hitilafu yoyote hunyonya takriban miliampea 20 hadi 50 likiwa limezimwa na kufungwa. Ukichukua hiyo 50, ni ampea-saa (kipimo cha akiba ya umeme) 1.2 kwa siku, yaani 36 kwa mwezi, na betri ya ampea-saa 60 inakuwa imepoteza zaidi ya nusu ya umeme wake bila gari kusogea hata hatua moja.

Hasara haiishii kwenye umeme uliotoka. Betri ya risasi, yaani ile ya kawaida yenye bamba za risasi ndani ya asidi, inapokaa muda mrefu chini ya volti 12.4, fuwele za salfeti ya risasi zilizojijenga juu ya bamba zake hukomaa na kuwa ngumu, na chaja ya kawaida haiwezi tena kuziyeyusha zote. Kila kipindi cha kukaa hupunguza uwezo kidogo, mpaka siku moja stata inatoa mlio wa tik-tik na taa za dashibodi zinafifia, ingawa gari limetembea kilomita chache mno tangu betri iwekwe. Kwa hiyo nimezipanga aina za betri zinazouzwa kwa kigezo kimoja kikuu, ambacho ni uwezo wake wa kuvumilia kukaa, kutikiswa na kupigwa na joto. Uzito, ambao ndio husifiwa zaidi kwenye matangazo, nimeuweka nyuma ya hayo.

Pima kabla ya kununua

Betri nyingi hutupwa zikiwa bado nzima. Liache gari usiku kucha, kisha pima kwa mita kwenye nguzo zenyewe za betri kabla ya kuwasha chochote. Betri ya risasi iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni robo. Ikiwa imeshuka, ichaji mpaka ijae, iache ipumzike tena, halafu mwombe mtu apige stata huku wewe ukitazama mita. Ikiwa betri iliyojaa inashuka chini ya volti 9.6 wakati stata inazunguka katika hali ya hewa ya kawaida, imechoka. Ikisoma karibu na volti 10.5 hata baada ya kuchajiwa, seli moja kati ya sita imekufa, na hapo hakuna tiba.

Kuna hali moja inayowapotosha wengi: betri inajaa vizuri, inapiga stata kwa nguvu, lakini baada ya siku mbili au tatu imekwisha. Hapo shuku gari kabla ya kuishuku betri. Taa ya buti isiyozimika, redio iliyobadilishwa na kuunganishwa vibaya, au kifaa cha kufuatilia gari vinaweza kunyonya mara kumi ya kiwango cha kawaida. Ukiweka betri mpya bila kumaliza tatizo hilo, utakuwa umenunua mzoga mwingine.

Vipimo visivyo na mjadala

Cha kwanza ni umbo. Magari ya michezo hubanwa nafasi kuliko mengine, na sinia la betri mara nyingi halina hata sentimita moja ya ziada. Katika mfumo wa Ulaya, betri ya saizi ya H5 ina urefu wa milimita 242, H6 ina 278 na H7 ina 315, zote zikiwa na upana wa 175 na kimo cha 190. Katika mfumo wa Japani, namba iliyo baada ya herufi ya katikati ni urefu kwa sentimita, kwa hiyo B24 ni betri ya takriban sentimita 24, na herufi ya mwisho, L au R, huonyesha mpangilio wa nguzo. Nguzo zikiwa upande usio wake, waya hazitafika, au zitafika kwa kuvutwa na kupita mahali ambapo zinaweza kugusa chuma.

Cha pili ni ampea za kuwashia kwenye baridi, zinazoandikwa CCA. Soma namba pamoja na jina la kanuni iliyotumika. Kanuni ya SAE, ya Marekani, hupima kwa nyuzi 18 chini ya sifuri kwa sekunde 30 bila betri kushuka chini ya volti 7.2, ilhali kanuni ya EN, ya Ulaya, hutumia joto hilohilo lakini huangalia volti 7.5 baada ya sekunde 10, kwa hiyo namba mbili za kanuni tofauti hazilinganishwi moja kwa moja. Fikia kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari au ukizidi kidogo, basi. Kuongeza mamia ya ampea hakutazungusha injini kwa kasi ya ajabu, kwa kuwa stata huchukua umeme inaouhitaji tu.

Cha tatu husahaulika kuliko vyote, nacho ni mrija wa kutolea gesi. Watengenezaji wengi huweka betri ya gari la michezo kwenye buti au ndani ya sehemu ya abiria ili kusawazisha uzito. Mazda MX-5 ya kwanza, iliyotoka mwaka 1989, ina betri ndogo iliyofungwa ndani ya buti yenye mirija inayopeleka gesi nje. Betri ya risasi inapochajiwa hutoa haidrojeni, na haidrojeni iliyokusanyika mahali palipofungwa huhitaji cheche moja tu ili ilipuke. Kama betri ya zamani ilikuwa na tundu la mrija, mpya lazima iwe nalo, na mrija urudishwe mahali pake.

Nafasi ya kwanza: AGM

Kwa magari mengi ya michezo, hii ndiyo betri ya kununua, na ningeinunua hata pale betri ya kiwandani ilipokuwa ya maji, mradi haikai ubavuni mwa injini yenye joto kali. Ndani yake asidi imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo iliyobanwa kati ya bamba. Kwa hiyo hakuna kimiminika kinachoyumba gari linapokata kona kwa kasi, na mbano huo huzuia bamba kumong'onyoka kwa mitikisiko ya springi ngumu. Hujipunguzia chaji polepole kuliko betri ya maji, hupokea chaji haraka, na hustahimili zaidi pale inaposhuka.

Ina masharti yake. Inataka volti kati ya 14.4 na 14.8 ili ijae kabisa, na alteneta za baadhi ya magari ya zamani haziufikii mpaka huo, hivyo ni lazima mara kwa mara ichajiwe kwa chaja yenye mpango wa AGM. Pia haiwezi kuongezewa maji, kwa hiyo joto likiikausha imekwisha. Betri yoyote ya risasi hupoteza takriban nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 za ziada zinazoizunguka muda wote, na AGM haina akiba ya maji ya kuistahimilisha. Ikiwa gari lilitoka kiwandani na AGM, usishuke daraja kamwe, hata muuzaji akuhakikishie kwamba hakuna tofauti.

Nafasi ya pili: betri ya maji iliyo bora

Gari la miaka ya sabini au themanini lenye umeme mchache, alteneta ya volti 14 na betri iliyo chini ya boneti, halina sababu ya kudharau betri ya kawaida. Inavumilia joto la injini kuliko AGM, hasa ile yenye vifuniko vya kuongezea maji yaliyosafishwa, na bei yake ni nafuu zaidi. Udhaifu wake ni kwamba asidi inaweza kuvuja ikilala, na mvuke wake hula rangi na chuma cha sinia. Inunue ikiwa mpya kweli, kwa kuwa hii ndiyo huharibika zaidi ikikaa rafuni. EFB, ambayo ni betri ya maji iliyoimarishwa kwa magari yanayojizima kwenye foleni, inafaa pale tu gari lilipotoka nayo, na hata hapo AGM ni hatua nzuri ya kupanda.

Nafasi ya tatu: lithiamu

Najua wengi wangeiweka juu kabisa, na kuna gari ambalo lingestahili. Mwishoni mwa mwaka 2009 Porsche ilitangaza betri ya lithiamu kama nyongeza ya hiari kwa 911 GT3, 911 GT3 RS na Boxster Spyder. Ilikuwa na uzito usiofika kilo 6, zaidi ya kilo 10 chini ya betri ya risasi ya ampea-saa 60. Kwa gari linalopelekwa kwenye uwanja wa mbio, ni sehemu chache zinazobadilishwa kwa dakika chache na kupunguza uzito kiasi hicho.

Lakini tazama kilichoambatana nayo. Porsche ilimkabidhi mnunuzi pia betri ya kawaida, kwa ajili ya siku za baridi. Aidha, uwezo halisi wa ile ya lithiamu ulikuwa ampea-saa 18. Rudi kwenye hesabu ya miliampea 50: ampea-saa 18 huisha kabisa kwa siku 15. Betri hizi hupiga stata kwa nguvu ya betri kubwa zaidi, na ndiyo maana wauzaji huandika namba "inayolingana na risasi", ambayo inaweza kuwa mara tatu ya akiba iliyomo. Kabla ya kulipa, uliza ampea-saa halisi.

Betri za lithiamu za kuwashia magari kwa kawaida ni za fosfeti ya chuma, seli nne zinazosoma pamoja takriban volti 13.2 zikipumzika. Volti hiyo hukaa palepale karibu mpaka mwisho, hivyo mita haikuonyi mapema. Kuichaji chini ya nyuzi sifuri huharibu seli, joto la nyuzi 60 na zaidi huizeesha upesi, na chaja yenye mpango wa kuondoa salfeti, inayopandisha volti kupita 15, haipaswi kuigusa. Inunue kwa gari la mbio linalolala na chaja yake, lenye betri iliyo mbali na injini. Kwa gari linalokaa barazani mwezi mzima bila kuguswa, iache.

Nafasi ya mwisho: jeli

Betri ya jeli, ambayo asidi yake imegandishwa, imetengenezwa kwa kutoa umeme mdogo kwa muda mrefu, ilhali stata hutaka umeme mwingi kwa mkupuo. Isitoshe, volti za kawaida za alteneta huweza kuiumiza. Usiinunue kwa kazi hii.

Dukani na wakati wa kufunga

Tafuta tarehe ya kutengenezwa, ambayo huchongwa au kubandikwa kwenye kasha. Ikiwa imepita miezi sita, chagua nyingine. Omba ipimwe mbele yako, na ikisoma chini ya volti 12.5, imeanza kuzeeka kabla hujaitumia. Fedha utakazookoa kwa kutonunua ampea zisizohitajika zitumie kununua chaja ya kutunza betri, ile inayoweza kuachwa imechomekwa kwa wiki kadhaa. Kwa gari linalokaa, chaja hiyo huongeza maisha ya betri kuliko tofauti ya ubora kati ya nembo mbili nzuri.

Wakati wa kufunga, toa waya wa hasi kwanza na uurudishe mwisho. Kama milango haina fremu za vioo, shusha vioo vyote kabla ya kukata umeme: katika magari mengi kioo hushuka kidogo mlango unapofunguliwa, na bila umeme hakishuki, hivyo mlango ukifungwa kioo hugonga mpira wa paa na hata kuvunjika. Kama boneti ya mbele hufunguliwa kwa umeme, kama ilivyo kwenye Porsche 911 ya toleo la 997, usiifunge betri ikiwa haijaunganishwa. Magari kama BMW za miaka ya karibuni yanahitaji betri mpya isajiliwe kwenye kompyuta kwa mashine ya fundi, vinginevyo gari litaendelea kuichaji kana kwamba ni ile nzee, na ukibadili aina au ukubwa, hilo nalo huingizwa.

Betri ibanwe mpaka isitikisike hata kidogo ukiisukuma kwa mkono, na ile ya zamani aachiwe muuzaji ili risasi na asidi yake zichakatwe upya. Kisha washa injini, zima vifaa vyote, na pima tena kwenye nguzo: katika magari mengi utaona volti kati ya 13.8 na 14.7. Ikisoma chini ya 13.5 au juu ya 15, fundi aiangalie alteneta siku hiyohiyo.