Seti ya vitana vya simbilisi: ukitoa kitana, kilichobaki ni mapambo

Ninafuga simbilisi watatu hapa Leicester, na kila mmoja ana manyoya ya aina yake. Kwetu Njombe simbilisi hujizurulia jikoni wakiokota maganda, hakuna wa kuwachana. Bibi akisikia nimetoa pauni 9 kwa ajili ya vitana vyao atasema Ulaya imeniharibu. Lakini wale wa kwetu wengi ni wa manyoya mafupi. Peruvian, yule wa aina ya manyoya marefu, ni habari nyingine: manyoya yake hayaachi kukua, yanaburuza chini na kuzoa nyasi, mkojo na kinyesi.

Boksi limeandikwa kuwa seti inafaa manyoya ya aina zote. Si kweli. Ndani mna brashi laini, brashi ya waya, kimkasi cha ncha butu, na kitana cha chuma chenye meno mapana upande mmoja na membamba upande wa pili.

Kitana ndicho mali. Nampakata Peruvian juu ya taulo, nampa kipande cha pilipili hoho atafune, kisha naanzia kwenye ncha za manyoya na meno mapana huku vidole vikishika karibu na ngozi ili asivutwe. Mafundo hujificha nyuma ya masikio, kwapani na tumboni. Mgongo unang'aa, kumbe chini kumeshikana kama jamvi. Fundo gumu silivuti. Napenyeza kitana kati yake na ngozi, halafu nakata juu ya kitana, maana ngozi yao ni nyembamba na huinuka na fundo bila wewe kuiona. Nyuma napunguza kabisa, hasa wakati wa joto: nzi wakitaga kwenye manyoya machafu, funza hawachelewi kutoka.

Abyssinian, yule wa manyoya yaliyosimama maduara maduara, brashi laini inamtosha. Naanzia katikati ya duara kwenda nje. Wa manyoya mafupi naye ni hiyo hiyo mara moja kwa wiki, basi.

Brashi ya waya niliipitisha kwanza mkononi mwangu ikaacha mistari myekundu. Haijamgusa mnyama hata mmoja. Meno membamba yanafaa kukagua chawa, ila simbilisi anayejikuna mpaka manyoya yanatoka huenda ana utitiri, na huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Madume wana tezi ya mafuta juu kidogo ya makalio, na manyoya ya hapo hugandamana. Karatasi ya maelekezo haisemi lolote kuhusu hilo. Mimi napaka mafuta ya nazi kidogo, nasubiri yalainike, nafuta kwa kitambaa cha uvuguvugu.

Nyota 3 kati ya 5, zote za kitana. Kimkasi kimeshaanza kutafuna manyoya badala ya kukata, kwa hiyo nimehamia kwenye mkasi wa kucha za mtoto.