TAHADHARI: Msilipe ada ya kila mwezi ya "kuficha poti"

Wenye maduka wa Nairobi, hasa mlioanza kuuza mtandaoni juzi juzi, someni hili kabla hamjatuma pesa.

Kuna jamaa anapita katikati ya jiji akiwauzia wafanyabiashara tovuti kwa bei ya kutupa. Tovuti ikishakuwa hewani, anwani inaishia na :8080. Namba hiyo ndiyo poti, yaani mlango wa kuingilia kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti). Wateja wanaisahau hiyo namba, hawafiki dukani. Ukilalamika, anakwambia kuificha ni huduma ya pekee inayolipiwa kila mwezi, na usipolipa namba inarudi. Dada mmoja anayeuza viatu vya watoto amenionyesha jumbe za kumdai. Zinatia uchungu.

Ukweli ni huu. Kivinjari hakionyeshi poti 80 ya HTTP (njia ya wazi ya kufungua tovuti) wala 443 ya HTTPS (njia hiyo ikiwa imefungwa kwa usalama) kwa kuwa hizo ndizo za kawaida. Programu ya tovuti ikiwekwa kwenye 8080, lazima namba itajwe. Fundi mwaminifu huweka Nginx au Apache (programu za kupokea wageni wa tovuti) mbele, ipokee wageni kwenye 443, kisha iwapitishe kwenye 8080 humo humo ndani ya seva. Ni mistari michache, programu zenyewe ni za bure, na cheti cha usalama cha Let's Encrypt ni bure pia. Mlipe fundi kwa kazi hiyo mara moja, ni haki yake. Ada ya seva na ya domeini (jina la tovuti yako) zitaendelea, lakini ada ya kuficha poti haipo. Na akidai anailipia kwenye DNS (orodha inayounganisha jina la domeini na seva yake), anakudanganya: rekodi ya A, yaani mstari wa orodha hiyo unaoelekeza kwenye seva, hubeba anwani ya IP tu, haibebi poti.

Kibaya zaidi, hata hiyo kazi haifanyi. Anachokupa ni fremu: domeini yako inafungua ukurasa mtupu, na ndani yake tovuti inavutwa kutoka :8080 ile ile. Mteja akipenda kiatu na kunakili anwani amtumie mwenzake kwa WhatsApp, mwenzake anaangukia ukurasa wa mwanzo. Tena fremu ya HTTP ndani ya ukurasa wa HTTPS huzuiwa na vivinjari, kwa hiyo jamaa anaacha kila kitu bila kufuli, yaani bila HTTPS. Nywila na namba za simu za wateja wako zinapita wazi. Hilo ndilo linalonikera kuliko pesa.

Kupima ni rahisi. Bonyeza bidhaa mbili tatu uone kama anwani ya juu inabadilika. Ikiganda pale pale, shuku. Kwenye kompyuta bonyeza Ctrl na U, utafute neno iframe au frameset. Mara nyingi utaikuta 8080 imekaa hapo hapo.

Angalia pia domeini imesajiliwa kwa jina la nani, kwa maana hapo ndipo anapowashikia watu. Domeini za .co.ke husajiliwa kupitia wasajili walioidhinishwa na KeNIC (msimamizi wa majina ya .ke), na mwenye jina kwenye usajili ndiye mwenye domeini. Dai liwe jina lako kabla ya kulipa chochote.

Kama umeshanaswa, usigombane naye kwanza. Chukua nakala ya tovuti, picha na orodha ya bidhaa, hifadhi jumbe zote za M-Pesa na za madai, ndipo umwambie unahama.