Mawe ya nyongo kwa mtoto wa selimundu: tungoje au atolewe kifuko cha nyongo?
Chembe nyekundu za damu za mtoto wa selimundu (sickle cell) huvunjika upesi, na bilirubini, rangi ya manjano inayobaki, hugandamana kuwa mawe kwenye kifuko cha nyongo. Dawa za kuyeyusha mawe ya kolesteroli haziyagusi haya. Ndiyo maana akina mama kwenye benchi la kliniki, bahasha ya ultrasaundi mapajani, hubishana: kungoja, au kupasua na kutoa kifuko.

Kwa gharama, kungoja kunashinda, angalau mwanzoni: picha za mara kwa mara na nauli ya matatu. Usalama ndio mgumu. Upasuaji wa matundu madogo humrudisha nyumbani baada ya siku chache, ila unaweza kumletea shida ya kifua, hivyo kwa kawaida huongezewa damu kwanza, himoglobini ifike karibu gramu 10 kwa desilita. Ukingoja na jiwe lizibe mrija, huenda akapasuliwa kwa dharura, homa ikimchoma. Hatari zaidi hiyo. Matunzo baadaye? Madogo, ugali wake anakula.

Asiye na maumivu, mwongozo wa Marekani wa 2014 unasema afuatiliwe tu. Anayejikunja kila akila chipsi, mimi nisingengoja. Na wa Kitengela, pigeni hesabu ya foleni ya magari ya Mombasa Road jioni ya mvua, mkimkimbiza hospitali kwa dharura.