Uzoefu wangu: siku tano Shela, nikijifunza kufundisha yoga kwa watu wenye kiwewe

Nafundisha yoga Lamu mwaka wa sita sasa. Nilianza na wageni wa Shela, kijiji cha hoteli hapa kisiwani, halafu kina mama wa mtaani kwetu Langoni wakataka na wao, tukawa tunakutana kila Jumatano baada ya alasiri kwenye chumba cha juu nyumbani kwa shangazi yangu. Wageni ndio wanaonilipa. Lakini kozi hii niliiendea kwa ajili ya kina mama, na hasa mmoja wao.

Mama huyo alihamia kisiwani kutoka upande wa Mpeketoni baada ya shambulio la Juni 2014, lile lililoua watu zaidi ya 60. Hakuwahi kunisimulia, na mimi sikumwuliza. Alikuwa akija anatandika mkeka wake wa miyaa karibu na mlango, anafanya mazoezi kimya kimya, anaondoka. Siku moja yuko kwenye mkao wa mtoto, amepiga magoti na paji la uso liko chini, nikapita nyuma yake nikamkandamiza kiunoni kwa viganja vyangu viwili ili ashuke zaidi. Alikakamaa kama ubao. Halafu akaanza kutetemeka, akainuka, akajitupia buibui na kushuka ngazi miguu mitupu. Ndara zake zilikaa mlangoni siku nne mpaka mwanawe alipotumwa kuzifuata.

Nilikwenda kumwomba radhi. Alinikaribisha chai, tukazungumza habari za bei ya unga. Nikarudi nyumbani nikiwa na uzito uleule, kwa sababu kwenye mafunzo yangu ya kwanza ya ualimu, saa 200 nzima, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mkono wa mwalimu unaweza kumuumiza mwanafunzi bila kumvunja mfupa. Tulifundishwa kushika, kusukuma na kunyoosha, na aliyeshika sana ndiye aliyesifiwa.

Basi niliposikia kuna mafunzo ya yoga kwa watu wenye kiwewe hapo Shela, nilijiandikisha. Siku tano, asubuhi hadi saa tisa, msimu wa kusi hoteli zikiwa tupu. Nililipa shilingi 30,000 pamoja na chakula cha mchana, na pesa hizo nilizidunduliza tangu Ramadhani. Tulikuwa 11: walimu wa yoga, wauguzi wawili, mshauri nasaha, na kijana anayefundisha watoto kuogelea.

Mtindo wenyewe ulianzia Massachusetts, Marekani, miaka ya mwanzo ya 2000, kwa kazi ya mwalimu wa yoga David Emerson akishirikiana na daktari wa akili Bessel van der Kolk. Mkufunzi wetu alitupitisha kwenye utafiti wao wa 2014. Wanawake 64 wenye kiwewe cha muda mrefu, ambao matibabu yalikuwa hayajawafaa vya kutosha, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifanya yoga saa moja kwa wiki kwa wiki 10, na jingine lilipata masomo ya afya ya wanawake. Mwishoni, kwenye kundi la yoga wanawake 16 kati ya 31 waliopimwa hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa wa kiwewe. Kwenye kundi la pili walikuwa 6 kati ya 29. Nilichopenda ni kwamba mkufunzi hakuishia kwenye hesabu. Alikazia kuwa yoga iliongezwa juu ya tiba, haikuchukua nafasi yake, na kwamba sisi si madaktari.

Kiini cha mafunzo ni hiki: aliyedhulumiwa alinyang'anywa uamuzi juu ya mwili wake mwenyewe, kwa hiyo darasani uamuzi ule arudishiwe, hata kama ni wa kuinua mkono au kuuacha chini. Mwalimu anabaki kwenye mkeka wake. Hagusi, hatembei nyuma ya watu. Anasema mapema kitakachofanyika na muda wa kumaliza, na muda ukifika anamaliza. Mlango hautiwi komeo. Kufumba macho ni hiari. Pumzi haibanwi kwa kuhesabiwa. Hilo la pumzi lilinigusa sana, maana nilikuwa na mazoea ya kusema "bana mpaka nne", na hapa kwetu wapo walionusurika mashua ilipopinduka. Nilikuwa nikiwaambia hao wabane pumzi!

Harufu pia. Mimi nilikuwa nikifukiza ubani kabla ya darasa nikiona ni jambo jema. Lakini ubani si wa maulidi tu. Kwa mwanamke aliyefiwa, moshi ule ni maiti na khitma. Siku hizi nafungua madirisha tu.

Kilichonifungua macho kuliko vyote ni lugha. Mwongozo uliandikwa kwa Kiingereza, na siku ya tatu mkufunzi alitaka tufundishane kwa Kiswahili, mmoja mmoja. Muuguzi mmoja akaanza kwa sauti ya upole kabisa: "Lala chali. Tulia. Panua miguu." Akasita mwenyewe. Chumba kizima kilinyamaza. Sisi wanawake tulijua maneno hayo matatu yakifuatana hivyo ni ya nani. "Tulia" ndilo neno anaambiwa mtoto anayepigwa, ndilo neno la mtu aliyekushika kwa nguvu. Nililisema kila Jumatano kwa miaka, nikidhani nawabembeleza watu.

Tulikaa na jambo hilo mpaka chakula kikapoa. "Panua miguu" tukaifanya "achanisha nyayo kidogo, kadiri unavyoona inakufaa". "Lala chali" ikawa "unaweza kumalizia kwa kulala au kwa kukaa, hata ukiegemea ukuta". Amri zikageuka: ukipenda, unaweza, huenda. Na suala la mtu kuhisi mwili wake, ambalo ndilo shabaha ya mtindo wote, nalo lina shida zake huku kwetu. Ukimwuliza mama wa Kiamu unahisije, atakwambia "alhamdulillah" hata kama anaungua ndani, na ni adabu yake. Kwa hiyo huulizi. Unasema, "Huenda ukahisi nyayo zinagusa mkeka, huenda usihisi," unamwachia mwenyewe.

Nina manung'uniko. Orodha ya mahali pa kumpeleka mtu aliyezidiwa ilikuwa na simu za Marekani tupu, jambo ambalo halikubaliki kwa mafunzo yanayouzwa Kenya. Tukaandika wenyewe 1195, namba ya ukatili wa kijinsia, na wauguzi wakatueleza utaratibu wa hospitali ya hapa. Habari za wanaume ziligusiwa nusu saa tu. Wavuvi na askari wanabeba mengi, na hawatakuja kwenye chumba cha shangazi. Na tangu tumalize hakuna aliyetupigia kuuliza tunaendeleaje, wakati kazi hii inataka mtu wa kumwuliza. Tumeunda kundi letu la WhatsApp, tunasaidiana humo.

Kuhusu dini, ambalo najua wengi mtauliza: hakukuwa na mantra, yale maneno ya kurudiarudia kama dua, wala kuunganisha viganja kwa salamu za Kihindi. Ni mwili na pumzi, na darasa letu linaisha kabla ya adhana ya magharibi.

Kwa mwalimu yeyote wa Pwani anayefundisha watu wa kawaida, si wa hoteli tu, ningemwambia aende, ila aulize kwanza kama wamerekebisha ile orodha ya simu. Mwenye kutafuta mikao mipya asipoteze pesa zake, haimo hata mmoja.

Yule mama alirudi mwezi wa pili baada ya kozi. Nilikuwa nimemwambia mlangoni kwake, mbele ya mwanawe, kwamba siku hizi sigusi mtu. Mkao wa mtoto haufanyi. Wenzake wakiinama yeye hukaa kwenye kiti cha shangazi kando ya dirisha, mikono magotini, akitazama mapaa. Wiki iliyopita mama mmoja mgeni alimwona, naye akavuta kiti. "Mwanangu, na mimi takaa," akaniambia. Nikamwambia, "Karibu, mama."

Orodha yetu ya maneno ya kubadilisha darasani imefika 40. Neno linalotusumbua mpaka leo ni "jiachie". Muuguzi anasema litupwe kabisa, mimi bado natafuta la kuweka mahali pake.